Kopo la Dakika

"Dakika kumi na tano, mwenzangu. Si ishirini, si kumi na nane. Nimesimama na saa mkononi kama msimamizi wa mtihani. Koki imefunguka saa kumi kasoro robo, saa kumi kamili imejifunga. Sasa niambie, arobaini zangu ziko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni bomba?"

"Wewe si bomba. Wewe ni mama wa mwenye bomba."

Maneno hayo yalinikuta katikati ya ngazi, kitana mkononi. Kule chini nilikuwa nimemwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kimetishwa. Mtu akikuambia kwamba msusi mzuri haachi kichwa cha mteja kwa ajili ya ugomvi wa majirani, huyo hajawahi kuishi kwenye jengo lenye familia sita na tangi moja.

Waliokuwa wanagombana ni Dobi na Mkunga. Milango yao inatazamana ghorofa ya kwanza, na kwa miaka kumi na minane milango hiyo haikufungwa mchana. Mkunga ndiye aliyemzalisha Dobi watoto wake wote watatu, wa mwisho palepale kwenye kibaraza cha ngazi kwa sababu mtoto alikuwa na haraka. Dobi naye ndiye aliyekuwa akizifua na kuzipiga pasi sare nyeupe za Mkunga mpaka wagonjwa wanafumba macho. Mtu akitaka chumvi kwa mmoja, anaipata kwa mwingine. Sasa mmoja alikuwa ameshika ndoo tupu kama ushahidi, mwingine amekunja mikono, na mimi katikati yao nimesimama kama kigingi.

"Kesho napakia," Dobi akasema. "Gari linakuja saa kumi na moja jioni. Dada yangu ana chumba ng'ambo ya barabara, kina bomba lake, halina kompyuta wala mama wa kompyuta."

"Pakia," Mkunga akasema. "Nani amekushika?"

Akafunga mlango. Mchana. Nilisikia komeo likiingia. Dobi alibaki anautazama mlango ule kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Kisha naye akafunga wake.

Juu yetu, ghorofa ya pili, mtu alikohoa. Ni Mzee Chaki, mwalimu mstaafu, anakohoa hivyo akitaka aulizwe maoni yake. Sikumuuliza. Akayatoa hivyohivyo.

"Enzi za ubao," akasema akichungulia kwenye ukingo wa ngazi, "hakuna aliyehama kwa ajili ya maji."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana ugomvi usio na chanzo ni kelele tu.

Maji ya mtaa wetu huja asubuhi, pampu inayavuta, tangi la juu linajaa. Kuanzia saa nane mchana yanagawiwa kwa zamu, kila nyumba dakika arobaini. Naanza mimi chini, anafuata mwenye duka, halafu Mkunga, halafu Dobi, halafu Mzee Chaki, mwisho maharusi wa juu. Zamani kazi hiyo aliifanya Mzee Chaki. Alikuwa na ubao mdogo ukutani kwenye ngazi. Zamu ikianza anaandika saa, zamu ikiisha anafuta kwa kiganja, anapanda kuzungusha koki za watu, anashuka kuandika tena. Ukimaliza maji yako mapema unamwambia, "Mwalimu, mimi basi, zilizobaki mpe jirani," naye anafuta na kumwandikia jirani yako. Tatizo ni magoti. Magoti ya Mzee Chaki yalikataa ngazi, na mwezi mmoja tulikaa tunazungushiana koki wenyewe. Mwezi huo sitaki kuuzungumzia.

Ndipo binti wa Mkunga akajitolea. Huyu binti anafanya kazi kwenye ofisi ya watu wanaotengeneza programu, na hapa jengoni tunamwita Injinia, zamani kwa utani, siku hizi kwa mazoea. Akaleta kisanduku cha ukubwa wa redio ndogo, akakifunga kwenye ukuta palepale ulipokuwa ubao, akavuta waya mpaka kwenye koki ya umeme ya kila nyumba. Kila jikoni akaweka kitufe chekundu: ukitosheka kabla ya dakika zako, bonyeza, koki inafungwa na zamu inakwenda kwa anayefuata. Kwa majuma matatu tuliishi kama mabwana. Maji yanakuja yenyewe, yanaondoka yenyewe. Mzee Chaki peke yake ndiye aliyenuna.

Kisha Dobi akapata kazi kubwa. Nyumba ya wageni ile yenye bustani mbele, mashuka ya vyumba ishirini, kila siku isipokuwa Jumapili. Alishuka kunipa habari akiwa na povu mpaka kwenye nyusi, na siku hiyo alinikumbatia na kunilowesha. Mashuka hayo ndiyo yatakayomfikisha mwanawe mkubwa chuoni. Sharti la mwenye nyumba ya wageni lilikuwa moja tu: yawe tayari kila jioni. Siku ileile ya kwanza, maji yake yakatoka dakika kumi na tano.

Siku ya pili, kumi na nne. Ya tatu, kumi na tano. Nyumba nyingine zote, arobaini. Mara nne mashuka yalichelewa, na juzi mwenye nyumba ya wageni alimwambia kwamba yakichelewa Jumamosi, ya Jumatatu yatakwenda kwa mwingine. Na Jumapili, siku ambayo Dobi hana mashuka na Injinia yuko nyumbani, maji yalitoka dakika arobaini bila kupungua hata moja, huku Injinia amesimama jikoni kwa Dobi anatikisa kichwa.

Sasa wewe ungefikiria nini? Dobi alifikiria hivyohivyo. Binti akiwepo, haki ipo. Binti akienda kazini, mama mtu anakula. Na nyumba inayomtangulia kwenye zamu ni ya nani? Ya Mkunga.

Kwa upande wa Injinia, masikini, hakulala usingizi wa kutosha. Alibadilisha koki ya Dobi. Alibadilisha waya. Koki ya Dobi kufunguka robo saa mapema, akadhani ni saa ya kisanduku inayokimbia. Aliipanga programu yake upya kwenye kompyuta, akaipitisha nyumba sita za kubuni, kila moja ikapata arobaini zake. Akapita mlango kwa mlango na daftari akiuliza, "Kuna mtu yeyote anabonyeza kitufe?" Tukacheka. Nani abonyeze? Mimi nikipewa dakika arobaini nachota mpaka vikombe vya chai. Mwenye duka anajaza chupa za soda alizomaliza kuuza. Maharusi nao tusiwaseme, wanaoga kama bata. Hakuna anayebonyeza, tulimwambia. Mama yake mwenyewe alimwambia, hakuna anayebonyeza.

Na mimi nilisema hivyo nikimtazama machoni. Hilo mlikumbuke.

Basi Ijumaa hiyo, baada ya milango miwili kufungwa, nilirudi chini nikamalizia kichwa cha mteja wangu, ambaye alitaka kusimuliwa kila kitu, nami sikumnyima. Alipoondoka tu, Injinia akaingia, begi la kompyuta begani, macho yamemtoka. Akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Mama mdogo, niambie ukweli. Nikate waya zote, nimrudishie Mzee Chaki ubao wake?"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ukikata waya, Dobi hatahama?"

"Atahama. Atasema nimekata ili kuficha ushahidi." Akafungua kompyuta mapajani. "Nimeusoma mstari kwa mstari. Mistari yenyewe haifiki mia. Kila kitu kimekaa sawa. Halafu nikifika kwa Dobi, kumi na tano. Ningekuwa najua kupiga ramli ningepiga."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimejifunza mengi kwenye kiti hicho kwa kuuliza tu, maana mtu ukimshika kichwa anasema. Nikasogeza stuli, nikachukua mafuta, nikaanza kumchambua nywele bila kuombwa. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua. Hilo dude linajuaje kwamba dakika arobaini zimefika?"

Akapumua kama ameombwa abebe gunia. "Linahesabu."

"Linahesabia wapi? Lina vidole?"

"Lina kopo." Akaelekeza kidole kwenye skrini, juu kabisa. "Kompyuta haijui kitu mpaka uiambie. Kabla hujatumia kopo lolote, unalitangaza. Unasema, jamani, kuna kopo hapa, jina lake *dakika*, na ndani nimeweka sifuri. Baada ya hapo kila ukitaja *dakika*, inajua unazungumzia kopo lipi. Unaweza kuongeza, kupunguza, kuchungulia limefika ngapi."

"Na hilo kopo kwa wenyewe wataalamu linaitwaje?"

"Kigeu. Kwa sababu kilichomo ndani kinageuka."

"Kigeugeu."

"Kigeu, mama mdogo."

"Nimesikia. Namjua mmoja, alikaa pale juu kabla ya maharusi."

Hakucheka. Nikajua hali ni mbaya.

"Sasa angalia," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyekwisha eleza jambo hilohilo mara kumi kwa ukuta. "Koki ikifunguka, kila dakika moja ikipita naongeza moja kwenye kopo. Moja, mbili, tatu. Likifika arobaini, nafunga koki, nalimwaga kopo linarudi sifuri, nahamia nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata inaanza na kopo tupu. Wewe unalijaza, linamwagwa. Mwenye duka analijaza, linamwagwa. Kuna kosa gani hapo?"

Mimi sikuona kosa. Ila mikono yangu, ambayo ina akili kuliko mimi, ilisimama.

Mwaka jana mteja mmoja alipigiwa simu katikati ya kusukwa, ikabidi aondoke. Nilikuwa nimefika msuko wa ishirini na tano. Akakaa mwingine, mtindo uleule, misuko arobaini. Nikaanza kumsuka huku napiga soga, na kichwani naendelea: ishirini na sita, ishirini na saba. Nilipofika arobaini nikamwambia, umemaliza, dada, simama. Akajitazama kwenye kioo. Alikuwa na misuko kumi na tano mbele na msitu nyuma. Jengo zima linanicheka mpaka leo, na anayenicheka zaidi ni huyo Mzee Chaki.

"Kopo ni moja?" nikauliza. "La jengo zima?"

"Moja. Kama ubao ulivyokuwa mmoja. Niliona hakuna haja ya sita wakati anayechota ni mmoja kwa wakati."

"Na linamwagwa pale tu likijaa?"

"Pale tu likijaa."

"Na kama mtu hakulijaza? Akabonyeza kile chekundu kabla?"

Injinia akatelezesha mistari kwenye skrini, akasoma, akarudi juu, akasoma tena. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Akibonyeza," akasema taratibu, "koki inafungwa. Tunahamia nyumba inayofuata. Na kopo... kopo linakwenda lilivyo. Anayefuata anaanzia pale alipoachia mwenzake. Mungu wangu. Mwenye dakika ishirini na tano akibonyeza, anayefuata anapata kumi na tano." Kisha mabega yakamshuka tena. "Lakini haisaidii. Nimewauliza wote. Hakuna anayebonyeza."

Nawaomba mnielewe. Mimi nina sifa mtaani. Ukitaka habari ifike mpaka sokoni kabla ya jua kuzama, nipe mimi na uniambie ni siri. Siri moja tu nimeitunza maisha yangu yote, moja, na nilikuwa nimeapa kwa jina la marehemu mama yangu. Siku kumi na mbili nilikuwa nimeibeba kama jiwe kwenye kiatu, nikijisifu kimoyomoyo kwamba kumbe naweza.

Ilikuwa hivi. Jumatatu ya wiki iliyopita, siku ya kwanza ya mashuka, nilipanda kumsuka Mkunga kwake, zamu yake ya maji ikiendelea. Nusu ya kichwa, akainuka, akatazama saa ya ukutani, akaenda jikoni, akabonyeza kitufe chekundu. Pipa lake lilikuwa halijafika nusu. Nikamuuliza, umeingiwa na nini? Akasema, "Mwenzangu ana mashuka ya vyumba ishirini. Mimi na binti yangu tuna sahani nne. Zangu zilizobaki namwachia." Kama enzi za ubao, mnaona. Alidhani zile kumi na tano zinakwenda kwa Dobi juu ya arobaini zake. Kisha akaniapisha. "Akijua, atakataa. Unamjua alivyo. Usimwambie yeye wala binti yangu, maana huyu mtoto hajui kuficha uso."

Na Dobi alipoanza kulia kumi na tano, mimi na Mkunga tulitazamana tu. Tulifikiri, kama hata tukimwongezea anapata kumi na tano, basi bila nyongeza yetu angepata ngapi? Mkunga akazidi kubonyeza. Akizidi kutukanwa, anazidi kubonyeza. Jumapili haikuwa na mashuka, hakubonyeza.

"Injinia," nikasema.

"Mm."

"Tuseme tu. Tuseme kuna mtu ameapishwa."

Akageuka taratibu, nywele zake mkononi mwangu. Nikaona anazipanga dalili mwenyewe: nyumba iliyo kabla ya Dobi, siku za mashuka, Jumapili. Sikutaja jina. Kiapo changu kiko salama, mbinguni wakiniuliza nitawajibu hivyo.

"Mama," akasema. Hakuwa ananiita mimi.

"Sijasema kitu."

"Siku kumi na mbili. Nimebadilisha koki. Nimepanda juu ya tangi na jua la saa kumi. Nimeomba ushauri kwa watu wazima kazini, wamenicheka. Na wewe ulikuwa unajua. Nilikuja hapa na daftari, mama mdogo. Nimeandika jina lako. Pembeni nimeandika *hapana*."

"Ulivyouliza, mtu ungefikiri ni kosa kubonyeza."

Akaifunga kompyuta, akaifungua tena. "Watu hawa," akaiambia skrini. "Mashine ukiiandikia kitu inakifanya. Haikuonei haya, haikuapishi." Akaandika. Mimi nilichungulia begani. Alikifuta kile kimstari cha juu kabisa kilichotangaza kopo la jengo zima, akashuka, akakiandika upya ndani, mwanzoni kabisa mwa zamu: *dakika = 0*. Kila zamu ikianza, kopo jipya, tupu, la nyumba hiyo peke yake. Zamu ikiisha, kwa kujaa au kwa kitufe, kopo linatupwa. Mstari mmoja, wanangu. Ulihamishwa kutoka nje kuingia ndani, kama mtu anayeingiza kiti mvua inapoanza.

"Basi twende juu tuwaambie," nikasema.

"Hapana. Nikimwambia Dobi leo, atasema nimetunga. Kesho naomba ruhusa kazini. Ataona kwa macho yake."

"Na mama yako?"

"Mama yangu," akasema, akizoa begi, "nitaongea naye mimi."

Waliongea. Sakafu yao ni dari ya duka, na mwenye duka aliniambia hakuhitaji kutega sikio. Binti alisema, "Hata mashine huwa naitangazia kabla ya kutumia kitu, mama. Wewe unafanya wema kama unaiba." Mama akajibu kwamba yeye alijifunza ukunga kabla mashine hazijazaliwa na hatafundishwa adabu na kisanduku. Halafu sahani moja ikaanguka, kwa bahati mbaya, nadhani.

Jumamosi, saa tisa na nusu, nilifunga saluni. Niliandika kwenye kadibodi NARUDI, na kila mteja wangu anajua maana yake.

Kwa Dobi kulikuwa kumehamwa nusu. Maboksi kwenye kibaraza, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba ya kuanikia, sufuria zote zimepangwa ndani ya beseni kubwa na kufunikwa shuka. Katikati ya jikoni yalisimama mapipa mawili na mlima wa mashuka ya wageni. Dobi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mmekuja kuniaga wengi," akasema alipotuona: mimi, Injinia, Mzee Chaki aliyeshuka ngazi moja moja kwa ajili ya raha hii, mwenye duka, na bibi harusi wa juu.

"Tumekuja kutazama koki," Injinia akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mama yako ninamwachia hiyo koki, aitumie na hiyo nayo."

Saa kumi kasoro robo, Injinia akapaza sauti kuelekea mlango wa pili. "Mama, bonyeza."

Kule ndani stuli ikaburutwa.

"Mama."

"Nimebonyeza," sauti ikatoka kule, ya mtu anayekiri wizi wa kuku.

Koki ya Dobi ikalia tiki, maji yakashuka. Dobi alisimama. "Abonyeze nini? Zamu yake haijaisha."

"Hajawahi kuimaliza," Injinia akasema. "Tangu ulipopata mashuka. Kila siku anaacha kumi na tano zake ili wewe uzipate. Kosa ni langu. Nilitumia kopo moja kuhesabia nyumba zote, na yeye akifunga mapema, dakika alizokwisha tumia zilikuwa zinaingia kwenye hesabu yako. Kadiri alivyokuhurumia, ndivyo ulivyokauka."

Dobi alichukua saa yake, akaiweka juu ya pipa, akaanza kulowesha mashuka. Hakuna aliyeondoka. Saa kumi kamili, dakika ambayo koki ilikuwa inajifunga kila siku, nilimsikia Mzee Chaki akihesabu kwa sauti ya chini. Maji yakaendelea. Kumi na dakika tano. Kumi na robo. Pipa la kwanza likajaa, la pili likajaa. Bibi harusi akashika shuka upande mmoja, mimi upande mwingine, tukakamua. Saa kumi na dakika ishirini na tano, tiki.

"Arobaini," Mzee Chaki akasema kwa huzuni.

Dobi alipangusa mikono kwenye kanga, akatoka, akavuka kibaraza kati ya maboksi yake mwenyewe, akagonga mlango wa Mkunga kwa ngumi. Komeo likatoka.

"Nani alikuomba?" akasema.

"Hakuna."

"Siku zote hizi nakuita mwizi ngazini, watu wanasikia, msusi anasikia, maana yake sokoni wanasikia. Na wewe umenyamaza."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo ningekataa."

"Basi."

"Basi nini? Umenifanya nimefunga godoro. Unajua nimelifunga godoro kwa mafundo gani? Lile halifunguki tena."

"Lina kisu chake."

"Na kama ungekufa na siri yako? Mimi ningeishi na matusi yangu?"

"Kwanza mimi mzima," Mkunga akasema, naye sasa sauti imempanda, na nilifurahi kuisikia, kwa sababu sauti hiyo niliizoea. "Pili, wewe nawe, ungeweza kuniuliza kistaarabu. Miaka kumi na minane. Nimekuona mimi ukiwa katika hali ambayo hata mumeo hakuiona. Unadhani nitakuibia maji?"

"Nilidhani kompyuta imekubadilisha."

"Kompyuta inabadilisha makopo. Muulize mwanangu."

Gari la mizigo lilikuja mapema kuliko saa iliyopangwa, kama yanavyofanya magari yasiyotakiwa. Dereva akapanda, akatazama maboksi, akatutazama sisi tuliojazana kwenye kibaraza na mashuka yanayodondoka maji. "Tunaanza na nini?" akauliza. Dobi akamwambia aanze kwa kushuka. Akashuka analalamika, na mwenye duka akamfuata na soda ili asilalamike mpaka mtaani.

Mashuka tuliyaanika juu, mikono minane, na upepo ukatuhurumia. Injinia alibaki chini amechuchumaa mbele ya kisanduku chake. Mama yake alikuwa amemsimamia, anamwambia kwamba sasa aieleze hiyo mashine kuwa zikibaki dakika ziende kwa jirani, kweli ziende, kama Mzee Chaki alivyokuwa anafanya. Injinia akamjibu kwamba inawezekana, itabidi atangaze kopo la pili. "Basi tangaza," mama akasema. "Unasubiri nini? Unataka kuapishwa?"

Tuliposhuka, jua limelegea, Dobi alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama lile beseni la sufuria. Alikuwa amejaribu kufungua shuka lililolifunika, na mafundo yake mwenyewe yalikuwa yamemshinda. Kutoka mlango wa pili ilikuwa inatoka harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na mlango huo ulikuwa wazi mpaka mwisho, umezuiliwa kwa stuli.

"Utapikia nini?" Mkunga akasema kutoka ndani. "Kikombe cha kupimia sabuni?"

"Nitafungua."

"Utafungua kesho. Nimepika cha kutosha. Na huyo msusi mwambie aje, mdomo wake umefanya kazi leo."

Dobi alijitazama. Povu lilikuwa limemkaukia mpaka kwenye viwiko. "Siwezi kuingia hivi. Mikono yote sabuni."

"Maji yapo," Mkunga akasema. "Ingia unawe, tule."